Tiba ya mwanga kwa fizi zilizovimba ukiwa na waya za meno: inatibu kweli au fizi zinapona kwa sababu nyingine?

Nuru_ya_Asubuhi (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Nina waya za meno juu na chini, na tangu wanibadilishie ile waya nyembamba wakaweka nene zaidi fizi zangu za mbele zikaanza kuvimba, hasa zile ncha zinazoingia katikati ya jino na jino, zimekuwa nyekundu zinang'aa, upande wa chini zimepanda mpaka zimegusa breketi, vile vyuma vidogo vilivyobandikwa kwenye meno. Nikipiga mswaki povu linatoka la pinki. Daktari wa kupanga meno akaagiza nisafishwe, kisha akasema wana tiba ya mwanga pale kliniki. Ni kifaa chenye ncha kama ya kalamu, kinatoa mwanga mwekundu, anakipitisha taratibu kwenye ufizi jino kwa jino, hakiumi, hakichomi, unavalishwa miwani ya kukinga macho na yeye anavaa yake. Nimeshaenda awamu kadhaa, damu imekata na uvimbe umeshuka, na mimi naamini ni ule mwanga. Sasa dada yangu ambaye ni nesi ananiambia ni usafi tu ndio umeniponya, mwanga ni mbwembwe. Waliopitia hii kitu mnasemaje? Na kwa wanaojua, mwanga unaponyaje nyama iliyovimba?

Kibogoyo_Mtarajiwa
Nimekaa siti ya mbele kwenye uzi huu maana nami nafungwa waya karibuni. Swali la haraka, ule mwanga wa bluu wanaomulika siku ya kubandika vyuma ndio huo huo?

Mjukuu_wa_Fundi
@Kibogoyo hapana, usichanganye. Ule wa bluu uko kwenye nanomita 450 hadi 470 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi), kazi yake ni kugandisha gundi ya breketi, hautibu ufizi na usiutazame kwa macho matupu, ndio maana huwa na kingio ya rangi ya chungwa. Mwanga anaouzungumzia mleta uzi ni mwekundu, nanomita 630 hadi 660, au ule ulio jirani na mwekundu ambao jicho halioni kabisa, kuanzia 800 na kitu mpaka 980. Mimi ni mtu wa fizikia sio daktari, lakini maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: ndani ya seli kuna mitokondria, yaani viwanda vyake vya nishati, na ndani yake kuna kimeng'enya kinaitwa saitokromu c oksidesi ambacho kinanyonya mwanga wa rangi hizo. Seli ikiwa kwenye msongo kile kimeng'enya kinabanwa na nitriki oksaidi, mwanga ukifika unaibandua, basi seli inarudi kutumia oksijeni vizuri, inatengeneza nishati zaidi, mishipa midogo ya damu inatanuka na zile kemikali zinazochochea uvimbe zinapungua. Halafu ufizi ni nyama nyembamba, mwanga mwekundu unazama milimita chache na hapo tayari umefika panapotakiwa. Joto halihusiki, ndio maana hukusikia kitu.

Nuru_ya_Asubuhi
Asante mkuu. Hii nampelekea dada leo leo.

Msafi_wa_Kinywa
Kabla hujampelekea dada soma na hii. Mimi kazi yangu ni kusafisha meno ya watu, wenye waya nawaona kila siku, na niseme bila kuzunguka dada yako ana hoja nzito. Mwaka 1965 mtafiti anaitwa Harald Löe na wenzake huko Denmark walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Wote fizi zikavimba, wa kwanza kama siku ya 10 na wa mwisho siku ya 21. Wakaambiwa waanze tena kusafisha, fizi zikarudi kawaida ndani ya kama wiki moja tu. Hakuna mwanga, hakuna dawa, ni mswaki na kusafisha katikati ya meno. Sasa wewe ulisafishwa kwanza NDIPO ukaanza mwanga. Hiyo nafuu unaigawaje?

Na mjue waya zinafanya nini. Breketi inaacha kijishimo kati yake na ufizi, pale mswaki wa kawaida unapita juu kwa juu, utando wa bakteria unabaki, na ufizi ukishavimba unafunika ule utando kwa juu ndio unazidi kuvimba. Nikichukua kile kichokonoo chenye ncha nikapitisha chini ya breketi kwa mtu anayeniapia kwamba anapiga mswaki mara tatu kwa siku, kinatoka kitu cheupe chenye rangi ya maziwa, laini, mtu mwenyewe nikimwonyesha kwenye kioo anashangaa.

Nuru_ya_Asubuhi
@Msafi nakuelewa ila kuna jambo sikuliandika mwanzo. Kusafishwa nilishasafishwa kabla, miezi ya nyuma, na uvimbe ulishuka kidogo ukarudi. Safari hii umeshuka na umekaa. Kilichoongezeka ni mwanga tu, mswaki ni ule ule na dawa ya meno ni ile ile.

Mkereketwa
Hapo kwenye "kilichoongezeka ni mwanga tu" ndipo napingana na wewe kwa heshima zote. Kimeongezeka na kingine, unaenda kliniki mara kwa mara, unafunguliwa mdomo, unakaguliwa, na mtu akijua atakaguliwa wiki hii anapiga mswaki kwa adabu hata kama hajijui. Hili kwenye utafiti linajulikana vizuri. Ukisoma tafiti za mwanga kwa fizi za wenye waya utakuta makundi yote mawili yamesafishwa na kufundishwa kupiga mswaki, moja limemulikwa, lingine limewekewa kifaa kimezimwa, na mwisho YOTE yanapata nafuu. Swali linabaki ile ziada ya waliomulikwa ni kubwa kiasi gani na inadumu muda gani. Hapo majibu yanatofautiana sana, kwa sababu kila mmoja anatumia rangi yake, nguvu yake, dakika zake na idadi yake ya awamu.

Tembo_Mpole
Hii teknolojia si ndio ile ya NASA? Nilisoma ilianza kwa wanaanga wakawa wanaotesha mimea kwa taa nyekundu angani, wakaona na vidonda vinapona.

Zuhura_S
@Tembo_Mpole NASA walikuja baadaye, walidhamini tafiti za taa hizo kwa vidonda miaka ya 1990 na kuendelea. Wa mwanzo kutibu kwa leza hafifu, yaani mwanga wa leza wa nguvu ndogo usiochoma, anatajwa Endre Mester wa Budapest, Hungaria, mwaka 1967 alinyoa panya akawamulika na leza nyekundu ya rubi, akaona nywele zinaota haraka zaidi sehemu iliyomulikwa, kisha akahamia kwenye vidonda visivyopona. Leza yenyewe ilikuwa bado mpya, ya kwanza iliwashwa 1960.

Mzee_wa_Busara_Kidogo
Vijana mnasahau mbali zaidi, Niels Finsen alipewa Nobeli mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Kwa hiyo mwanga kuwa dawa sio habari ya jana.

Mjukuu_wa_Fundi
Shikamoo mzee. Kweli kabisa kuhusu Finsen, ila yeye alitegemea zaidi miale ya urujuanimno, ile kali ya upande wa pili wa upinde wa mvua. Hii nyekundu inafanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Naogopa mtu asome hapa akaenda kujimulika urujuanimno mdomoni.

Mzee_wa_Busara_Kidogo
Marahaba. Ongezo zuri hilo.

MamaWawili
Jamani nisaidieni mimi sasa. Binti yangu ana miaka 13, amefungwa waya, fizi zake zimevimba vibaya mno, na ameona mtandaoni kifaa cha kung'ata mdomoni chenye vitaa vyekundu anataka nimnunulie. Pia tuna ile barakoa ya uso ya mwanga mwekundu ya dada yake, amekuwa akiivaa huku amechanua meno, eti mwanga upite. Nicheke au nilie?

Kibogoyo_Mtarajiwa
😂😂 huyo mtoto ni mwanasayansi mama, usimvunje moyo

Msafi_wa_Kinywa
@MamaWawili miaka 13 kuna jambo lingine juu ya waya, ni homoni. Umri wa kubalehe fizi zinaitikia utando wa bakteria kwa ukali kuliko mtu mzima, utando kidogo tu uvimbe mkubwa, hasa mabinti. Ndio maana wadogo hawa wenye waya wanaongoza kwa fizi kuvimba. Usimlaumu kwamba ni mchafu, wakati mwingine anajitahidi sana na bado ufizi unamzidi. Mpeleke asafishwe, aonyeshwe ile brashi ndogo ya katikati ya meno yenye umbo la mti, na brashi ya kichwa kimoja kidogo kwa kuzunguka breketi. Hivyo vifaa viwili vitamsaidia kuliko barakoa.

Mjukuu_wa_Fundi
Niongeze kuhusu vifaa vya nyumbani. Kuna mambo manne hayaandikwi vizuri kwenye maboksi mengi: rangi kwa nanomita, nguvu kwa miliwati, eneo inaloangukia, na muda. Bila hayo huwezi kujua umepata dozi gani, maana dozi inahesabiwa kwa jouli kwa kila sentimita ya mraba. Na mwanga huu una tabia moja ya ajabu, kidogo kinachochea, kingi kinazuia, ukizidisha faida inapotea au inageuka. Kwa hiyo mtoto kukaa nayo lisaa akidhani anaongeza dawa haina maana. Barakoa ya uso imetengenezwa kwa ngozi ya uso, mwanga wake unafika ufizi kiasi gani hakuna aliyepima kwa mtoto wako. Na macho! Leza za kliniki zenye nguvu zinaweza kuumiza jicho, na zile za rangi isiyoonekana ni mbaya zaidi kwa sababu hupepesi, jicho halijui kama linapigwa.

MamaWawili
Asanteni sana. Barakoa nimeifungia kabatini. Brashi ya umbo la mti natafuta.

Sauti_ya_Bahari
Wote mmeongelea usafi na mwanga, mimi nawaletea mtuhumiwa wa tatu. Waya zile zinazorudi zenyewe kwenye umbo, wanaziita nikeli titani, karibu nusu yake ni nikeli. Mimi siwezi kuvaa hereni za bei rahisi, masikio yanawasha na kutoa maji. Nilipofungwa waya fizi zikavimba, midomo ikawa inachoma, kona za mdomo zikapasuka, nikasafishwa nikasuguliwa nikasukutua kila kitu, hakuna. Mpaka daktari mmoja akaniuliza swali la hereni. Akanibadilishia waya zisizo na nikeli na breketi za kauri, uvimbe ukaondoka polepole bila mwanga wowote. @Nuru_ya_Asubuhi wewe umesema uvimbe ulianza ulipobadilishiwa waya. Hilo limenigusa hapo hapo.

Nuru_ya_Asubuhi
Duh. Hereni navaa bila shida lakini saa ya chuma huwa inaniacha na vipele mkononi. Sijawahi kuunganisha hayo mawili. Ila sasa mbona uvimbe umeshuka na waya bado ni ile ile?

Sauti_ya_Bahari
Inawezekana mwanga unatuliza uvimbe bila kuondoa chanzo. Ukiacha awamu ukarudi basi utajua. Muombe akupeleke ukapimwe mzio kwa kibandiko cha ngozini.

Msafi_wa_Kinywa
Mzio wa nikeli upo, sipingi hata kidogo, ila ni wa wachache. Watu wengi wenye mzio wa hereni wanavaa breketi za chuma cha pua bila tatizo kwa sababu nikeli yake imeshikwa vizuri ndani ya chuma na haitoki kirahisi. Waya nene pia ina sababu ya kawaida zaidi, meno yakishaanza kusogea yanabanana na ufizi wa katikati unakunjamana unajaa. Na gundi, jamani gundi! Ikibaki mabaki karibu na ufizi inakuwa na uso wa kukwaruza unaoshika uchafu. Nimeshaona uvimbe wa jino moja tu, ukikwangua ile gundi umeisha.

Tembo_Mpole
Na wanaolala midomo wazi je? Mke wangu aliniambia nakoroma nikiwa nimeachama, na ni kweli asubuhi fizi za juu mbele zimekauka zinawaka, za chini hazina neno. Daktari wa meno alipoona uvimbe uko juu mbele tu akaniuliza kama pua inaziba. Nikatibiwa pua.

Zuhura_S
@Tembo_Mpole na fizi zikapona?

Tembo_Mpole
Zimepungua. Kukoroma bado, mke anasema mkopo ule haulipiki.

Mkereketwa
😄 Haya ndio mambo. Sasa hesabuni, mpaka hapa tuna utando wa bakteria, homoni, nikeli, gundi, meno kubanana, kulala mdomo wazi. Na hakuna hata mmoja aliyetaja dawa. Dawa ya kifafa ya fenitoini, za presha za jamii ya nifedipini, na siklosporini wanayopewa waliopandikizwa figo, zote zinaweza kuotesha ufizi ukapanda juu ya jino. Mtu anayezitumia akiwekewa waya hali inaweza kuwa mbaya maradufu, na hizo dawa USIACHE mwenyewe, unaongea na aliyekuandikia.

Nesi_Mstaafu
Na uvimbe wa fizi unaokuja na homa, kuchoka, kupauka, kutoka michubuko bila kugonga kitu, huo usipeleke kwenye mwanga wala kwa msafisha meno kwanza, kapimwe damu. Saratani ya damu wakati mwingine inajitokeza kwenye fizi mapema. Ni nadra lakini nimeuguza mtu wa namna hiyo, nimeona niseme.

Mwana_Kijiji
Subirini mbona mimi nilivyofanyiwa ni tofauti na mleta mada? Kwanza walinipaka maji ya bluu kwenye fizi, wakasubiri kidogo, ndipo wakamulika na mwanga mwekundu, kisha wakanisuuza. Ulimi ulibaki wa bluu mpaka jioni watoto wakanicheka. Au waliniibia hatua?

Mjukuu_wa_Fundi
Hukuibiwa mkuu, hiyo ni tiba nyingine kabisa. Yako inaua bakteria, ya mleta uzi inachochea seli za mtu mwenyewe. Ile rangi ni methilini bluu au ndugu yake toluidini bluu, inajishikiza kwenye bakteria, ikipigwa na mwanga mwekundu unaolingana nayo inatengeneza oksijeni kali inayotoboa ukuta wa bakteria hapo hapo. Mwanga peke yake usingewafanya kitu, na rangi peke yake kwenye giza hivyo hivyo haifanyi la maana. Wazo hili ni la kale kuliko leza, mwaka 1900 mwanafunzi Oscar Raab kule Munich aliona vidudu vilivyowekwa kwenye rangi ya akridini vinakufa vikiwa kwenye mwanga na vinabaki hai gizani.

Zuhura_S
Na kuna ya tatu, mwanga wa bluu bila rangi yoyote. Bakteria fulani wa fizi wanaotengeneza weusi, kama Porphyromonas gingivalis na Prevotella, wana rangi yao wenyewe ndani inaitwa porfirini, bluu ikiwapiga wanajiunguza wenyewe.

Kibogoyo_Mtarajiwa
Kwa hiyo yule wa gundi naye anaweza kuua bakteria 👀

Zuhura_S
Nilijua utakuja hapo hapo 😅 Anakumulika sekunde chache kwenye breketi, halengi ufizi na dozi si ya tiba. Tulia ufungwe waya zako.

Mwana_Kijiji
Asante fundi. Sasa kwa mtu mwenye fizi zinazotoka damu ipi bora, ya kuua bakteria au ya kuchochea seli?

Msafi_wa_Kinywa
Zote zinakuja JUU YA usafi, hakuna inayokuja badala yake. Ile ya rangi ya bluu ina mantiki kwangu zaidi kwa sababu inagusa chanzo, bakteria. Lakini hao wadudu wanarudi. Utando unaanza kujijenga upya saa chache baada ya kusafisha, sasa ukiwaua leo na kesho hupigi mswaki vizuri umefanya nini?

Nuru_ya_Asubuhi
@Msafi unaongea kana kwamba wote tulio na waya hatupigi mswaki. Mimi napiga, dakika mbili, mswaki umelazwa nyuzi 45 kuelekea ufizi, na uzi wa meno wenye ncha ngumu wa kupitisha chini ya waya. Tatizo ni kwamba ufizi ukishavimba unauma, ukiuma unaukwepa, ukiukwepa uchafu unabaki. Mwanga ulinitoa kwenye huo mzunguko, maumivu yalitulia ndio nikaweza kusafisha mpaka chini. Hata kama haukutibu uvimbe wenyewe kwangu ulifungua mlango.

Mkereketwa
Sasa hii ndiyo hoja bora ya mwanga niliyoisoma tangu uzi uanze, na inaendana na ushahidi uliopo. Kwa maumivu ya baada ya kukazwa waya, uchambuzi wa 2016 wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, uliona leza hafifu inaweza kusaidia kupunguza maumivu kwa muda mfupi, ingawa wenyewe wakasema ushahidi ni wa daraja la chini. Na kwa vidonda vya mdomo vya wagonjwa wa saratani wanaopata mionzi au dawa kali, hapo tiba ya mwanga imekubalika mpaka kwenye miongozo ya kitaalamu ya kimataifa. Kwa hiyo kwamba mwanga unafanya kitu kwenye nyama ya mdomo, hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi ni kwenye fizi za wenye waya hasa, na kama inazidi kile unachopata kwa brashi na uvumilivu.

Pilipili_Kichaa
Mimi niliambiwa mwanga huo unaharakisha meno kusogea, unamaliza waya mapema. Ndio sababu niliyoufanyia, fizi sikuwaza.

Mkereketwa
Hilo linatangazwa sana kuliko linavyothibitishwa. Tafiti zipo za kusema ndiyo na za kusema hapana, nyingi ndogo ndogo. Usilipie kwa ahadi hiyo peke yake.

Pilipili_Kichaa
Nimeshalipia 😭 ila fizi zangu hazijawahi kuvimba, sijui nishukuru nani

Bi_Tabasamu
Nimesoma wote. Kwangu ilifika mbali, ufizi ulikuwa umeota mpaka unafunika nusu ya jino, mgumu, wa pinki, hata hautoki damu. Daktari akasema uvimbe laini mwekundu ndio unaorudi kwa usafi, lakini ukishakuwa nyama ngumu umekaa muda mrefu hautarudi wenyewe haraka. Akaukata kwa leza, ganzi kidogo, damu kidogo sana, siku chache nakula vizuri. Kwa hiyo tukisema "leza ya fizi" tuwe makini, yangu ilikata, ya Nuru haikati.

Msafi_wa_Kinywa
Sawa kabisa dada. Leza ile ile ya daiodi yenye nanomita 810 au 980 ikiwekwa nguvu kubwa na ncha iguse inakata, ikiwekwa nguvu ndogo na ikasogezwa mbali inachochea. Wengine wanasubiri mpaka waya zitoke, maana uvimbe mwingi unashuka wenyewe miezi ya baada ya kutoa, ndipo wanaona kilichobaki.

MamaWawili
Na ile dawa ya kusukutua ya klorheksidini? Binti kapewa na meno yameanza kuwa ya kahawia!

Nesi_Mstaafu
Ni kawaida yake hiyo mwanangu, inapaka rangi na ladha ya chakula inabadilika. Huwa inatumika muda mfupi, kama wiki mbili hivi, si ya kila siku mwaka mzima. Akae kama nusu saa baada ya dawa ya meno ndipo asukutue, dawa za meno nyingi zina povu linaloipunguzia nguvu. Ile rangi inasuguliwa kliniki inatoka.

Mwana_Kijiji
Mswaki wa umeme vipi kwa wenye waya? Breketi haziruki?

Msafi_wa_Kinywa
Haziruki kama gundi ni nzima. Chukua kichwa kidogo, usikandamize. Breketi zinaruka kwa kung'ata vitu vigumu, sio kwa mswaki.

Nuru_ya_Asubuhi
Nirudishe uzi kidogo. Nimewaza tangu post ya @Sauti_ya_Bahari, awamu ijayo nimwombe daktari amulike upande wa kulia tu, kushoto aache, nisafishe pande zote sawa sawa. Kulia kukibaki kuzuri na kushoto kukirudi kuvimba basi ni mwanga. Zote zikivimba ni waya au nikeli. Zote zikibaki nzuri dada ameshinda.

Mkereketwa
Wazo zuri, watafiti wenyewe hufanya hivyo hivyo, nusu mdomo hii na nusu ile. Shida yake, mwanga unasambaa ndani ya nyama na damu inazunguka, kwa hiyo karibu na meno ya kati upande wa kushoto unaweza kuonja kidogo. Linganisha meno ya pembeni. Na watu wengi hupiga mswaki vizuri zaidi upande mmoja kulingana na mkono wanaotumia, hilo nalo linaweza kukudanganya.

Msafi_wa_Kinywa
Na wewe usijipime. Mpe mtu asiyejua upande gani umemulikwa, apitishe kile kipimo chembamba pembezoni mwa ufizi aandike ni sehemu ngapi zinatoka damu, kulia na kushoto. Rangi kwenye kioo inabadilika na taa ya bafuni, damu haibadiliki.

Sauti_ya_Bahari
Kipimo cha nikeli ukifanye kabla ya yote hayo tafadhali. Ikiwa una mzio hilo jaribio la kulia kushoto halitakwambia kitu, waya ipo pande zote.

Nuru_ya_Asubuhi
Nimepokea yote. Dada kajitolea kuhesabu sehemu zinazotoka damu, ila yeye anatamani mwanga ushindwe, sijui kama anafaa 🙄

Kibogoyo_Mtarajiwa
Usimwambie upande gani, basi. Nasubiri majibu kabla sijafungwa mimi.